Nani Aliamua Kwamba Noti Ni Kumi na Mbili?

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala lugha mpya ya kuandikia programu. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na mstari mmoja tu wa msimbo. Kama umewahi kuandika programu yoyote inayotoa muziki, hata kile kinanda kidogo cha kuchezewa na watoto kwenye simu, bila shaka unaufahamu:

masafa = 440 * 2^((n - 69) / 12)

Hiyo n ni nambari ya noti katika MIDI, kuanzia 0 hadi 127. 69 ni ile A inayotetema mara 440 kwa sekunde. Hayo mawili sina shida nayo. Shida yangu ni hiyo 12 iliyokaa hapo chini kama mwenye nyumba. Haijapewa jina, haijawekwa kwenye mipangilio, hakuna kitufe cha kuibadilisha. Imepigiliwa misumari. Mwalimu yeyote wa programu angekuchapa alama kwa kuandika nambari kavu namna hiyo katikati ya hesabu, lakini hii tunaipita kila siku na hakuna anayeuliza.

Nauliza mimi. Nani aliamua?

Kwa wale ambao hawakusoma muziki, maelezo mafupi. Ukipanda kutoka sauti moja hadi ile inayotetema mara mbili zaidi, umepanda oktava. Kinanda cha Kizungu kinaikata oktava hiyo vipande 12 vilivyo sawa kabisa. Mwingereza Alexander Ellis, mnamo 1885, alipendekeza kipimo kizuri sana cha kulinganisha sauti: oktava iwe na senti 1200, na kila hatua ya kinanda iwe senti 100. (Senti hizi hazinunui mandazi.) Na kichekesho ni kwamba Ellis hakukibuni kipimo hicho ili kutukuza kinanda. Alikuwa anapima skeli za watu wa mataifa mbalimbali, na alichohitimisha ni kwamba hakuna skeli moja iliyoshushwa na maumbile. Ziko nyingi, na zinatofautiana sana. Yaani huyo Mwingereza wa enzi za Malkia Victoria alikuwa amefika mbali kuliko programu nyingi zilizo kwenye simu yako leo.

Tuje nyumbani. Chukua taarab. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash wa Zanzibar ndiye aliyemtuma mtu Misri kwenda kujifunza muziki huo, na kutoka huko tukapata udi, ganuni, nai na fidla. Sasa uitazame hiyo orodha kwa jicho la mhandisi. Udi hauna vikato kwenye shingo. Fidla vilevile. Ganuni ina vijiti vidogo pembeni ambavyo mpigaji huvipindua kwa kidole ili kupandisha au kushusha uzi kidogo, katikati ya wimbo. Ni vyombo vilivyoundwa makusudi ili visifungwe na hatua 12. Katika maqam inayoitwa Rast, noti ya tatu haiko kwenye senti 300 wala senti 400. Vitabu vingi huiandika 350. Ukianzia A ya 440, kinanda kinakupa 523.25 au 554.37, chagua moja. Muziki wenyewe unataka kitu kama 538.6. Hiyo haipo kwenye kinanda. Haijafichwa, haipo.

Vuka mpaka uende Uganda. Amadinda ya Baganda hukata oktava vipande vitano vinavyokaribiana kulingana. Klaus Wachsmann, aliyekuwa akitunza jumba la makumbusho la Uganda, aliandika kuhusu jambo hilo, na Gerhard Kubik aliyeanza kujifunza kwa Evaristo Muyinda mwaka 1959 akaendelea nalo. Vipande vitano sawasawa ni senti 240 kila kimoja. Jaribu kukiweka hicho kwenye kinanda: 240 iko mbali na 200 kwa senti 40, na mbali na 300 kwa senti 60. Shuka hadi Msumbiji kwa Wachopi na timbila zao, huko ni vipande saba, kama senti 171 kila kimoja. Hapo tena kinanda kinakukosea karibu kila mahali.

Wengine watasema, haya ni mambo ya asili, kompyuta ni chombo cha Kizungu, tuache. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu ni uongo wa kiufundi. Tarakilishi haina vibonye vyeupe na vyeusi. Spika yako inapokea nambari 44,100 kwa sekunde, na hakuna hata moja kati ya hizo inayojua C ni nini. Csound, iliyoandikwa na Barry Vercoe kule MIT mwaka 1986, inapokea masafa kwa Hz, mwambie 538.6, atakupigia 538.6. Kivinjari unachosomea hapa kina kitoa sauti ndani yake ambacho kinapokea Hz vilevile. Katika vyombo vyote vilivyowahi kuundwa na binadamu, tarakilishi ndicho kilicho huru kuliko vyote, huru kuliko hata udi. Kisha sisi watayarishaji programu tunakichukua chombo hicho huru, tunakichoma vikato 12, halafu tunamwambia mwanamuziki kwamba ndivyo mashine ilivyo.

Siyo mashine. Ni sisi.

Najua historia yake. MIDI ilitoka mwaka 1983 ikiwa makubaliano ya makampuni ya vinanda vya umeme ya Marekani na Japani. Walitaka kinanda kimoja kiweze kuzungumza na kingine kwa waya, basi. Walitazama kibonye, wakakipa nambari, na nambari hiyo ikawa noti. Sioni njama hapo. Ukitaka kupandisha sauti kidogo katikati ya hatua, kuna ujumbe wa kupinda sauti, wenye biti 14, yaani ngazi 16,384. Ukiwa kwenye kipimo cha kawaida cha hatua mbili juu na mbili chini, kila ngazi ni chini ya senti 0.03. Sikio la mtu halisikii hilo. Kwa hiyo usahihi upo wa kutosha na kusaza. Tatizo ni kwamba ujumbe huo unapinda chaneli nzima. Ukipiga noti tatu pamoja, zote zinapinda kwa kiasi kilekile, na chaneli ni 16 tu, kwa hiyo itabidi ugawe kila noti kwenye chaneli yake na kuzihesabu kama askari kwenye gwaride.

Lakini hata hilo lilipata dawa zamani. Mwaka 1992 MIDI iliongezewa kanuni rasmi ya kubadilisha tyuni ya kila noti kivyake. Tangu 1992! Mwaka 2018 ikapitishwa ile MPE inayotumia chaneli moja kwa kila noti bila wewe kuzihesabu. Mwaka 2020 ikaja MIDI 2.0, ambamo kila noti ina masafa yake. Mwaka 2017 Korg walitoa monologue, kinanda kidogo chenye tyuni za kujipangia, na Aphex Twin mwenyewe alihusika kuingiza kitu hicho. Ableton Live 12 ya 2024 nayo inafungua faili za tyuni. Kisingizio cha ufundi kilishazikwa, na matanga yakaisha. Kilichobaki ni uvivu wa chaguo-msingi.

Chaguo-msingi ni kitu kikali kuliko sheria, kwa sababu sheria mtu huisoma. Nitakupa mfano. Kuna wakati niliitwa kwenye studio moja mtaani hapa Nairobi kurekebisha tarakilishi iliyokuwa inajizima. Nikiwa chini ya meza na nyaya, jathum mmoja wa makamo alikuwa anarekodi, anaimba na kupiga nyatiti yake. Alipomaliza, kijana wa studio akaiweka sauti yake kwenye programu ya kunyoosha sauti, akachagua skeli ya C, akabonyeza. Sauti ya mzee ikavutwa hadi kwenye hatua za kinanda. Nyatiti haikuvutwa, kwa kuwa nyuzi zake nane zilirekodiwa zote pamoja. Sasa sauti na nyatiti, ambazo dakika moja kabla zilikuwa zinakubaliana kama mtu na kivuli chake, zikaanza kugongana.

Kijana akasikia kwamba kuna kitu kibaya. Sikio lake lilikuwa zima kabisa, sitamlaumu kwa hilo. Ila aliitazama skrini, akaona sauti iko kwenye mistari, akaamua mkosaji ni nyatiti.

"Mzee, nyatiti yako haiko kwenye key."

"Kijana wangu, hii nimeikaza asubuhi kwa sauti yangu mwenyewe. Iko."

"Kompyuta inasema haiko, mzee."

Nyatiti ikatolewa. Ikawekwa sauti ya gitaa kutoka kwenye maktaba ya programu. Mzee akalipia saa zake na kuondoka na wimbo ambao nusu yake si yake. Huo ndio utakaopigwa kwenye matatu na kupakiwa mtandaoni, na mjukuu wake akitaka kujifunza ataufuata huo. Kwa namna hii muziki unaharibiwa bila mtu yeyote kuwa na nia mbaya.

Na programu hizo za kunyoosha sauti zenyewe? Auto-Tune, ile mama yao ya 1997, iliundwa na Andy Hildebrand ambaye kabla ya hapo alikuwa akifanya hesabu za mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta. Ndani ya menyu yake kuna skeli za kila namna, pamoja na za Kiarabu. Zipo! Zimelala chini ya zile mbili zinazotumiwa na kila mtu. Kwa hiyo wala huwezi kusema kijana yule alinyimwa. Hakuna aliyemfundisha kwamba menyu hiyo inafunguka.

Mbaya zaidi ni tyuna za simu. Siku hizi mafundi wa vyombo huzitumia, na wanafunzi wa tamasha za muziki za shule huzitumia pia. Msimbo wa nyingi kati yake ni wa kitoto: pima masafa, yageuze kuwa hatua za kinanda, zungusha hadi nambari nzima iliyo karibu, kisha onyesha mshale. Ukiwa katikati, mshale unakuwa mwekundu. Mwekundu! Rangi ya kosa. Fundi aliyerithi kazi kutoka kwa babake anaambiwa na simu ya bei ya chini kwamba familia yao imekuwa ikikosea vizazi vitatu, naye anakaza uzi hadi mshale uwe kijani.

Haya, tufanye kazi kidogo. Kuna programu inayoitwa Scala, ya Mholanzi Manuel Op de Coul. Ni ya bure, na ina hazina ya skeli zaidi ya 5,000. Sura yake ni ya kizamani, imetoka enzi za vioo vya tarakilishi vyenye kisogo, lakini usiitazame sura. Zawadi yake kubwa kwa dunia ni aina ya faili, .scl, ambayo ni maandishi matupu. Unaweza kuiandika kwa Notepad. Hii hapa Rast ya kitabuni:

! rast.scl
!
Rast ya kitabuni, robo toni
 7
!
 200.
 350.
 500.
 700.
 900.
 1050.
 2/1

Mstari unaoanza na alama ya mshangao ni maelezo tu. Unaofuata ni jina, kisha idadi ya noti, kisha noti zenyewe. Yenye nukta ni senti. Isiyo na nukta ni uwiano, kama 2/1 ambayo ni oktava. Noti ya kwanza haiandikwi kwa kuwa ni sifuri. Ukitaka noti ya tatu inayohusishwa na Zalzal, yule mpiga udi wa Baghdad, futa 350. na uandike 27/22, ambayo inatoka senti 354.5. Imeisha. Mistari 12 (nimecheka nilipoihesabu), na umefanya kile ambacho watu wanasema kinahitaji kinanda maalumu cha maelfu ya shilingi.

Kuisikia, pakua Surge XT. Ilikuwa programu ya kuuzwa, mwenyewe akaifungua kuwa programu huria mwaka 2018, na leo inafungua .scl moja kwa moja. Tahadhari moja itakayokuokolea saa nzima: kinanda chako hakijui kwamba skeli ina noti saba. Kitaziweka kwenye vibonye mfululizo, vyeupe kwa vyeusi, na oktava ya C itaangukia kwenye G. Ukiweka ile ya vipande vitano kwenye kinanda cha vibonye 61 utapata oktava 12, ambazo hazitoshi katika masikio ya binadamu, labda ya popo. Dawa yake ni faili la pili, .kbm, linalosema kibonye kipi kinashika noti ipi. Panga noti saba kwenye vibonye vyeupe, acha vyeusi vilale. Sasa piga taratibu C, D, E. Hiyo E itakushtua mara ya kwanza. Ukiipiga mara ya ishirini utaanza kuisikia ile E ya kawaida kuwa ndiyo kali kupita kiasi.

Asiyetaka kupakua kitu kuna Leimma na Apotome, zilizotolewa 2021 na Khyam Allami, mpiga udi mwenye asili ya Iraki, pamoja na studio ya Counterpoint. Zinafanya kazi ndani ya kivinjari. Nimezionyesha kwa marafiki kadhaa waliosoma muziki shuleni, na swali lao lilikuwa lilelile: mbona hatukuambiwa?

Sasa nijibu wale ambao najua wameshakunja mikono.

Wa kwanza atasema kila mpiga nyatiti ana tyuni yake, hata wazee wawili wa kijiji kimoja hawalingani, basi utaweka ipi? Zote, ndugu yangu! Ndiyo maana ni faili. Lini mara ya mwisho ulikataa kuhifadhi barua kwa sababu kila mtu ana mwandiko wake? Mtu akitofautiana na jirani yake, andika faili la pili. Ni baiti mia na kitu.

Wa pili ni mzalendo, naye nampenda lakini ananichosha. Huyu husikia habari ya vipande vitano sawasawa akatangaza kwamba 240 ndiyo Skeli ya Mwafrika na kinanda kife. Huyo amebadilisha msumari, hajautoa. Amadinda halisi haikai kwenye 240 kamili. Inapanda hapa, inashuka pale, na fundi anapenda hivyo. Waarabu walipitia mtego huohuo. Kwenye kongamano la muziki la Cairo mwaka 1932 walibishana kama oktava igawanywe robo toni 24 zilizo sawa, wengine wakapinga, kwa sababu noti ya tatu ya Rast ya Istanbul huwa juu kuliko ya Cairo, na hakuna aliye tayari kuacha yake. Ile 350 niliyoandika juu ni ya kitabuni, nimesema hivyo makusudi. Pima chombo kilicho mbele yako. Hugh Tracey alizunguka Afrika na uma za kupimia sauti, na maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 ipo hadi leo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Wewe una simu yenye maikrofoni.

Wa tatu atasema wasikilizaji hawasikii tofauti. Huyu simjibu kwa maneno marefu. Kwaya yoyote nzuri ikiimba bila kinanda hushusha noti ya tatu hadi karibu senti 386 badala ya 400, bila mtu kuwaambia, kwa sababu hapo ndipo sauti zinapotulia. Waumini huisikia. Hawajui jina lake tu.

Lipo jambo moja zaidi. Miaka ya 2000 tulishangilia sana kazi ya Kilinux kule Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipotuletea Jambo OpenOffice, na tulistahili kushangilia. Tukaona "Faili", "Hariri", "Hifadhi" kwenye menyu tukajihisi tumefika. Lakini kutafsiri menyu ni kupaka rangi mlango. Programu ya muziki inaweza kuandika "Hifadhi Wimbo" kwa Kiswahili sanifu kabisa huku ikikataa wimbo wenyewe. Mimi ningechagua menyu ya Kijapani yenye nafasi ya 538.6.

Kwa hiyo, mwenzangu unayeandika tyuna, au kinanda cha simu, au programu ya kufundisha watoto kuimba, nakuomba ufanye mabadiliko ya mchana mmoja. Ondoa ile 12. Mahali pake weka jedwali la senti linalosomwa kutoka kwenye faili, na ukipenda liwe na zile hatua za kinanda kama chaguo la kwanza, sina kinyongo. Pale unapozungusha hadi nambari nzima, tafuta badala yake noti iliyo karibu ndani ya jedwali. Ongeza kitufe kimoja cha kufungua .scl, na kingine kinachorekodi uzi mmoja mmoja na kumwandikia fundi faili lake mwenyewe. Na ile rangi nyekundu, iweke kijivu.